Tunda Geni Sokoni Ugenini: Mwongozo kwa Msafiri Anayetoka Mombasa

Mtu wa Mombasa akiingia soko la matunda Bangkok au Guangzhou hana haja ya kuanza na alifu. Fenesi, shokishoki, stafeli, tomoko, balungi, tufaa, zambarau, bilimbi, embe: karibu yote hayo yalifika Pwani kwa njia ya bahari, mengine kutoka Asia, mengine kutoka Amerika. Jamaa zao waliobaki huko ndio utakaowakuta wamepangwa mezani kwa sura usizozizoea. Ukimwuliza muuzaji kama ni tamu, atakujibu ni tamu. Muuzaji gani atasema vingine? Afadhali utafute tunda hilo ni la ukoo gani. Ukishaujua ukoo, utajua pa kulikatia, kipi ndani yake huliwa na kipi hutupwa, kama litaiva likiwa chumbani kwako, na nani hapaswi hata kulionja.

Njia za wasafiri wetu zinajulikana: Dubai na Muscat kwa jamaa na biashara, Guangzhou kwa mizigo, Mumbai, Chennai na Hyderabad kwa matibabu, Bangkok na Kuala Lumpur kwa nguo na masomo, na mabaharia popote meli inapotia nanga. Tumefuata njia hizo.

Likate kwanza

Nunua moja. Lioshe zima kwa maji salama kabla ya kulikata, hata kama ganda haliliwi, kwa sababu kisu hupita kwenye ganda chafu na kuupeleka uchafu hadi ndani. Likate katikati, utazame.

Kokwa moja laini inayong'aa, imevikwa nyama nyeupe inayopitisha mwanga: hilo ni la ukoo wa shokishoki. Mbegu nyingi nyeusi na ngumu, kila moja na kijifuko chake cha nyama nyeupe iliyolainika: ukoo wa stafeli na tomoko. Utomvu mweupe unaong'ang'ania kisu utaukuta kwenye fenesi na jamaa zake, na kwenye chiku (sapodilla) lisiloiva. Utomvu wa manjano ni wa mangostini. Vyumba vilivyotengwa kwa utando, na ganda linalotoa mafuta yenye harufu ukilikunja, ni ukoo wa chungwa. Kikonyo chenye harufu kama ya tapentaini ni dalili ya ukoo wa embe na kanju. Anayewashwa na utomvu wa maembe mabichi avae glavu au amwombe muuzaji amenye.

Jambo la pili la kujua mapema ni kama tunda litaiva baada ya kuchumwa. Ukoo wa stafeli, embe, fenesi, duriani, chiku, papai na kaki (persimmon) huiva nyumbani mradi yamechumwa yakiwa yamepevuka. Yavundike kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu moja au mbili, na kwa joto la kawaida mengi yatakuwa tayari kwa siku 2 hadi 4. Usiyatie kwenye friji kabla hayajaiva: ganda la tomoko au stafeli hugeuka jeusi na nyama yake hukwama, haiwi mbichi wala mbivu. Shokishoki, lichi, longani, balungi, pitaya (dragon fruit) na nanasi hayaongezi utamu yakishatoka mtini. Yatabadilika rangi, yatalainika, yataoza, lakini sukari iliyomo ndiyo hiyohiyo. Anayenunua lichi za kijani kwa bei ya chini akitumai zitaiva hotelini amenunua uchachu.

Ukoo wa shokishoki

Huu ndio ukoo utakaokutana nao sana mashariki, na ndio unaotaka maelezo marefu kwa sababu una tunda tamu kuliko yote na pia tunda la hatari kuliko yote.

Shokishoki lenyewe unalijua. La Thailand mara nyingi ni kubwa kuliko la kwetu, na nywele zake zikiwa mbichi hubaki na ncha za kijani. Nywele zikiwa nyeusi na kavu, tunda limekaa siku nyingi. Kulifungua, kata ganda kuzunguka kiunoni, kina cha milimita 2 au 3 tu, kisha zungusha nusu ya juu. Ukikandamiza kisu hadi kwenye kokwa, utakula nyama iliyochanganyika na gamba la kokwa, lile linalokwaruza ulimi.

Lichi ina ganda gumu lenye vipele, jekundu au la waridi. Ibonyeze kwa kucha karibu na kikonyo, ganda litapasuka. Likiachwa kwenye joto, ganda hugeuka kahawia ndani ya siku moja au mbili, na hapo wengi huikataa bure: rangi ya kahawia inaonyesha ganda limekauka tu. Kinachokuambia imeharibika ni harufu ya siki na maji yanayovuja. Longani ni ndogo zaidi, ganda lake ni laini, la rangi ya mchanga, na kokwa yake ni nyeusi yenye doa jeupe. Kokwa za matunda yote matatu hutupwa. Usizitafune wala usizisage kwenye juisi.

Lichi mbichi za Guangdong hutoka kuanzia mwisho wa Mei hadi Julai. Maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou hufanyika majira ya kuchipua, Aprili na Mei, na tena majira ya kupukutika, Oktoba na Novemba, kwa hiyo mfanyabiashara anayefuata kalenda hiyo karibu kila mara huzikosa. Akiuziwa lichi Novemba, ajue zimetoka nchi nyingine au zilikuwa kwenye barafu. Msimu huo atafute balungi, kaki na kunazi mbichi za Kichina, ambazo ni ndugu wa kunazi zetu ila ni kubwa na zinavunjika mdomoni kama tango.

Lichi haifai kuliwa na mtoto mwenye njaa. Uchunguzi uliofanywa Muzaffarpur, jimbo la Bihar nchini India, mwaka 2014 ulionyesha kwamba watoto waliokuwa wakiugua ghafla na kushikwa na degedege msimu wa lichi walikuwa wamekula matunda hayo, na wengi walilala bila chakula cha jioni. Ndani ya lichi, hasa isiyoiva, mna kemikali zinazouzuia mwili kutengeneza sukari pale akiba inapokwisha. Mtoto aliyeshiba akila lichi chache zilizoiva hana tatizo. Mtoto asiyetaka wali akajaza tumbo lichi usiku mzima, hapo pana tatizo.

Kemikali moja kati ya hizo ndiyo inayolifanya aki kuwa tunda la kuogopwa. Asili yake ni Afrika Magharibi, na Jamaika ndilo tunda la taifa, hupikwa na samaki wa chumvi. Ganda lake ni jekundu. Likiiva hupasuka lenyewe mtini na kuonyesha kokwa tatu nyeusi zenye nyama ya manjano. Aki ambalo halijafunguka lenyewe haliliwi, hata likilazimishwa kufunguka kwa kisu. Kinacholiwa ni ile nyama ya manjano peke yake, baada ya kutolewa utando mwekundu, na huchemshwa na maji yake kumwagwa. Mgeni asilipike mwenyewe. Alile mezani kwa wenyeji, au la mkebe.

Ukoo wa stafeli

India utakutana na sitaphal, ambalo ni topetope letu. Thailand huitwa noi na. Nchi za milima ya Amerika Kusini na kusini mwa Uhispania kuna cherimoya, yenye ganda lililonyooka na lenye alama kama za vidole. Taiwan wana mchanganyiko wa topetope na cherimoya, nyama yake ngumu kiasi cha kukatwa vipande.

Lililoiva hukubali kidole likibonyezwa polepole, na lile la magamba huanza kuachana kati ya gamba na gamba. Livunje kwa mikono juu ya sahani, ule kwa kijiko. Mbegu ni sumu, na ganda hutupwa. Kosa la kawaida ni la wenye haraka: kutia tunda zima kwenye mashine ya kusaga juisi. Pitisha nyama kwenye kichujio kwa mkono mpaka mbegu zibaki nje, ndipo usage. Na majani ya mstafeli yanayouzwa kwa pakiti kama chai ya kutibu kila ugonjwa tunayaacha yalipo. Ukoo huu una kemikali zinazodhuru mishipa ya fahamu zikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu, na chai ya kila siku ndiyo njia ya kuufikia wingi huo.

Fenesi na ndugu yake

Malaysia na Indonesia kuna chempedaki, fenesi dogo lenye harufu kali zaidi na nyama laini inayoteleza. Ulimbo wake ni uleule, na dawa yake ni ileile ya soko la Kongowea: paka mafuta ya nazi mikononi na kwenye kisu kabla ya kuanza. Sabuni haiutoi ulimbo, mafuta huutoa. Kata ganda kwa urefu, kina cha sentimita 1, lifungue kama koti, kisha vuta kikonyo: nyama yote itatoka ikining'inia kwenye mti wa kati. Mbegu huchemshwa na chumvi dakika 20 hadi 30. Zisiliwe mbichi.

Anayewashwa na glavu za mpira au maputo awe mwangalifu na matunda kwa jumla, hasa ndizi, parachichi, kiwi na papai, maana mwili wake unaweza kuyachukulia kama ule mpira.

Duriani na mangostini

Waliopita Unguja huenda wamelionja duriani; Mombasa ni adimu. Wataalamu wa mimea huliweka kwenye ukoo mmoja mkubwa na mbuyu, msufi na hata bamia, jambo la kufurahisha ila halisaidii chochote ukiwa na kisu mkononi. Hapa inabidi ujifunze upya.

Kuchagua duriani, anza na kikonyo: kiwe kibichi, kizito, kimetoka maji kidogo kikikwaruzwa. Tafuta matundu madogo kati ya miiba, kwani tundu lenye unga unga ni mlango wa funza. Shika miiba miwili iliyo jirani, ibane ncha kwa ncha. Ikisogeleana kidogo tunda limeiva, ikisimama kama chuma bado. Litikise karibu na sikio. Ukisikia kitu kikigonga kwa uzito, nyama imeachana na ganda. Mwisho nusa upande wa chini. Bila harufu, ni bichi. Harufu ya siki, limepita.

Mwambie muuzaji alipime kabla ya kulifungua na akutajie jumla, kwa sababu bei ni ya kilo nzima pamoja na ganda, na ganda na mbegu huchukua zaidi ya nusu ya uzito. Tunda la kilo 2 likikupa nusu kilo ya nyama limefanya kazi yake. Lifunguliwe palepale mbele yako, uguse nyama kabla ya kulipa: ikiwa ngumu kama muhogo, au ina maji maji, lirudishe. Ukilifungua mwenyewe, lilaze kwenye kitambaa kinene, tazama chini utaona mistari inayokutana kama nyota, tumbukiza ncha ya kisu sentimita 2 au 3 hapo kwenye makutano, izungushe, kisha vuta kwa mikono iliyofunikwa kitambaa. Usilikate kwa kulipiga panga kama dafu. Litaruka, na miiba yake hutoboa kiganja.

La Thailand hukatwa mtini na kuachwa liive, hivyo nyama yake huwa imara na tamu isiyo na makali. La Malaysia husubiriwa lianguke lenyewe, kwa hiyo hulainika kama siagi, harufu huzidi, na mara nyingine huwa na uchungu ambao wenyeji wanaulipia zaidi. Mgeni aanze na la Thailand, aina ya Monthong, vipande viwili. Malaysia msimu mkuu ni Juni hadi Agosti. Tunda hili lina sukari, mafuta na potasiamu kwa wingi. Lisiliwe pamoja na pombe, maana huenda likauzuia mwili kuivunja. Na usilipeleke hotelini: hoteli nyingi hutoza faini, na treni za Singapore zina alama ya kulikataza.

Mangostini huzuiwa na baadhi ya hoteli pia, si kwa harufu bali kwa sababu maji ya ganda lake la zambarau yakiingia kwenye shuka hayatoki. Ina uungwana mmoja: hesabu vijani vya ua lililokauka chini ya tunda, na idadi hiyo ndiyo idadi ya vipande vilivyomo. Chagua yenye 6 au 7, kwani kokwa kubwa huwa kwenye kipande kimoja au viwili, na vilivyobaki ni nyama tupu. Ibonyeze kwa kidole gumba. Ganda likiwa gumu kama mti, tunda limezeeka na ndani limekauka. Likibonyea kidogo, linafaa. Matone ya manjano yaliyogandia nje yanaweza kumaanisha utomvu umeingia hadi kwenye nyama, nao ni mchungu. Ibane kati ya viganja viwili mpaka ganda lipasuke, au likate kuzunguka kina cha milimita 7 hivi, uinue kifuniko.

Wagonjwa wa figo na wanaomeza dawa

Sehemu hii isomwe na kila anayempeleka mgonjwa India.

Karambola ni ndugu wa bilimbi. Ni ya manjano, ina mbavu tano, na ikikatwa upande kwa upande hutoa nyota, ndiyo maana hoteli na wauza juisi huipenda kama pambo la glasi. Ina sumu iitwayo karamboksini, iliyotambuliwa na watafiti wa Brazili mwaka 2013, ambayo figo nzima huitoa bila shida. Figo mbovu haziwezi. Sumu hupanda hadi ubongoni, na ndani ya saa chache mgonjwa hushikwa na kwikwi isiyokoma, hutapika, huchanganyikiwa, kisha degedege, na wapo waliofariki. Tunda moja linatosha kuleta balaa hilo. Kwikwi baada ya kula karambola kwa mgonjwa wa figo ni safari ya hospitali papo hapo, kwa sababu tiba yake ni kusafishwa damu, si maji ya sukari. Asionje, asinywe juisi iliyochanganywa asiyojua vilivyomo, na pambo la nyota liondolewe.

Mwenye figo nzima naye asinywe juisi nzito ya karambola au ya bilimbi tumbo tupu kwa nia ya kupunguza mafuta mwilini. Zote mbili zimejaa asidi ya oksaliki, na huko Kerala wapo waliojiharibia figo kwa juisi ya bilimbi. Achari ya bilimbi tuliyoizoea na wali ni kiasi kidogo, haina ubaya kwa mwenye afya.

Mgonjwa wa figo aliyekatazwa potasiamu ajue kwamba duriani, fenesi, ndizi, tende na maji ya madafu vyote vina potasiamu ya kutosha kumdhuru. Muuza madafu wa Chennai hatamuuliza creatinine yake, kile kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, ni ngapi.

Jingine ni balungi. Guangzhou linauzwa limefungwa wavu, Bangkok limekwisha kumenywa, na ni tunda safi sana kwa mtu wa safari. Lakini balungi, danzi na zabibu-chungwa, lile dogo lenye nyama nyekundu na uchungu, huvizuia vimeng'enya vya utumbo vinavyovunja baadhi ya dawa, na dawa hiyo huingia mwilini kwa wingi kupita kipimo. Tazama pakiti zako: simvastatin na atorvastatin za mafuta ya damu, nifedipine na felodipine za presha, tacrolimus na ciclosporin za waliopandikizwa figo. Kutenganisha saa haitoshi, kwa kuwa utumbo huchukua siku moja hadi tatu kutengeneza vimeng'enya vipya. Ukiwa na moja ya dawa hizo, chagua chungwa la kawaida au chenza.

Machache ya haraka

Tende mbichi za Dubai na Muscat huanza kuonekana Juni. Zile za manjano au nyekundu, ngumu, zikiwa bado kwenye vishada, ziko kwenye hatua ya khalal, na nyingi zina ukakasi. Aina ya Barhi pekee ndiyo tunayoipendekeza kwa mgeni katika hatua hiyo: inavunjika, ni tamu. Zilizolainika nusu ni rutab, nazo hazivumilii safari bila friji. Soko la Waterfront huko Deira lina zote mbili msimuni.

Kaki ni za rangi ya chungwa na umbo la nyanya. Zilizo bapa huliwa zikiwa ngumu. Zenye ncha zisiguswe mpaka zilainike kabisa kama mfuko wa uji, la sivyo ukakasi wake utakufanya ulikumbuke kanju bichi kwa heshima. Zikiliwa nyingi mbichi tumbo tupu, huweza kuganda tumboni na kuwa donge.

Pitaya yenye nyama nyekundu hugeuza mkojo na choo kuwa vyekundu kwa siku moja au mbili. Rangi hiyo ni ya tunda. Nyeupe haina ladha nyingi, na tungesema wazi kwamba haistahili bei yake ukiwa na embe mezani.

Salaki ya Indonesia ina ganda la magamba kama ya nyoka: bana ncha, ivunje, menya kuelekea chini, utoe pia utando mwembamba unaofunika nyama. Matufaa ya Thailand yana ukubwa mara mbili ya yetu na maji mengi, huliwa na chumvi, sukari na pilipili ya kusaga, kwa hiyo mtoto aliyelelewa na embe bichi la pilipili nje ya lango la shule atajisikia nyumbani.

Kununua na kuonja

Bei ya Uchina hutajwa kwa jin, ambayo ni nusu kilo. Wengi hufurahia bei, kisha hupewa nusu ya walichotarajia. India maembe huuzwa kwa darzeni pia, basi uliza. Kwa anayetaka kujifunza aina kabla ya kwenda soko la bei nafuu, soko la Or Tor Kor la Bangkok ni ghali ila safi, matunda yamepangwa kwa aina, na wauzaji wengi huonjesha.

Matunda yaliyokatwa tayari na kuwekwa juu ya barafu ya barabarani hatuyashauri siku za mwanzo. Tatizo kubwa ni maji yaliyotengenezea barafu na kisu kinachofutwa kwa kitambaa kimoja tangu asubuhi. Mwombe muuzaji akumenyee moja zima ukiona. Kisu chako kidogo kiwe kwenye begi la chini, si la mkononi, na ubebe kijiko, tishu na chumvi kidogo.

Tunda ambalo hujawahi kulila, onja kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, subiri dakika 15. Midomo ikiwasha au ulimi ukaanza kunenepa, acha, sukutua kwa maji. Uso ukivimba, sauti ikikwaruza au pumzi ikibana, ni hospitali bila kungoja. Usionje matunda mawili mapya kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua lipi limekukataa. Watoto wafuate kipimo hichohicho, na kokwa zinazoteleza za lichi, longani na shokishoki zitolewe kabla ya kuwapa walio chini ya miaka mitano, kwani hukwama kooni.

Kurudi nyumbani

Usirudi na tunda bichi wala mbegu begini bila kibali. Kenya kibali cha kuingiza mimea hutolewa na KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, nacho huombwa kabla ya mzigo kuondoka, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakonunulia. Kokwa ya lichi iliyofungwa kwenye tishu nayo inahesabiwa. Sababu yake inaonekana kwenye maembe yetu: nzi wa matunda aitwaye Bactrocera dorsalis, mwenyeji wa Asia, alionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2003. Jike hutaga mayai chini ya ganda, nje huoni kitu, na ukilipasua embe ndani mna funza. Baada ya hapo milango ya masoko ya nje ikawa migumu kwa maembe ya Kenya.

Wanaokwenda upande wa pili na maembe ya ndugu nao wajihadhari. New Zealand hutoza faini ya papo hapo ya dola 400 za huko kwa tunda ambalo abiria hakulitaja, na Australia nayo haina mzaha. Umoja wa Ulaya, tangu 14 Desemba 2019, unamtaka abiria awe na cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila tunda bichi kutoka nje, isipokuwa matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Kwa hiyo shangazi aliye Hamburg apelekewe nazi na nanasi. Maembe atanunua huko, kwa bei ya huko.